Upepo wa Ndani na Upepo wa Nje

Mpe mtu gurudumu la baiskeli ya mbio alishike. Kabla hajauliza bei wala jina la kampuni, atalinyanyua. Atalipandisha hadi usawa wa kifua, atalishusha, atalijaribu tena kwa vidole viwili, kisha atagonga ringi kwa kucha asikie mlio wa kaboni. "Jepesi!" Hapo biashara imeshakwisha nusu. Nimewaona vijana wakifanya hivyo, nimewaona watu wazima wenye mvi wakifanya hivyo, nami ningali nafanya hivyo kila ninapokutana na gurudumu jipya, ingawa ninajua kwamba mkono hauna uwezo wa kuniambia lolote kuhusu yale yatakayonipata barabarani.

Kwenye jambo hili Kiswahili kimetupa msaada ambao hatuutumii. Kile tunachojaza kwenye tairi kwa pampu tunakiita upepo, na kile kinachotupiga kifuani tukitoka Bunju alfajiri kwenda Bagamoyo tunakiita upepo pia. Mwalimu wa fizikia atalalamika kwamba cha kwanza ni hewa tu. Mwacheni alalamike. Gurudumu la mbio limekaa kati ya pepo hizo mbili, mmoja ndani na mmoja nje, na anayetoa dola 2,000 au 3,000 kwa jozi moja analipia namna gurudumu hilo litakavyoelewana na kila mmoja wao. Uzito nao una nafasi yake. Nitauanza huo ili nimalizane nao.

Kupenda wepesi si upumbavu, kuna historia ndani yake. Mwaka 1934 Antonin Magne wa Ufaransa alishinda Tour de France akitumia ringi za duralumini zilizotengenezwa na Mavic, wakati kanuni za mashindano zilitaka ringi za mbao. Simulizi ambayo mchezo huu haujachoka kuirudia ni kwamba ringi zile zilipakwa rangi ya mbao ili wakaguzi wasizishtukie. Udanganyifu mtamu. Ukitoka kwenye mbao kwenda duralumini, mizani inaona tofauti na miguu inaiona vilevile.

Lakini tumefika mwisho wa barabara hiyo. Tangu mwaka 2000, UCI, chama kinachosimamia mchezo wa baiskeli duniani, hakikubali baiskeli ya mbio iliyo chini ya kilo 6.8. Timu yenye fedha hufika hapo au karibu na hapo bila shida, na ikishafika, gramu yoyote inayopunguzwa kwenye gurudumu hupungukiwa na faida yake. Hivyo swali la mafundi wa timu likageuka. Badala ya kuuliza "litakuwa jepesi kiasi gani?" wakaanza kuuliza "kwa uzito huu tulio nao, litapita vipi kwenye upepo?"

Tuchukue siku moja iliyokuwa ya milima kweli, siku ambayo mpenda wepesi angeitaja kama shahidi wake. Tarehe 28 Septemba 2025, jijini Kigali, wanaume walikimbia mbio za ubingwa wa dunia za barabarani, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Kilomita 267.5. Mita 5,475 za kupanda, ukizijumlisha zote, mzunguko baada ya mzunguko: kilima cha uwanja wa gofu, kilima cha Kimihurura chenye mawe yaliyopangwa, na katikati ya siku mlima Kigali wenyewe, kilomita 5.9 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 6.9. Thelathini tu ndio waliomaliza.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina ushabiki. Mtu na baiskeli yake wana kilo 75. Si bingwa, ni mimi na wewe, tunapanda mlima Kigali kwa kilomita 15 kwa saa na kufika juu baada ya dakika 24 hivi. Tumpunguzie gramu 300 kwenye magurudumu. Hiyo ndiyo tofauti unayoweza kuikuta kati ya jozi nzuri ya bei ya kati na jozi ya bei ya kutisha. Atafika juu sekunde tano mapema. Tano. Muda wa kufungua chupa ya maji na kuirudisha.

Mtu atasema: huo ni mlima mmoja, siku nzima je? Haya. Kuinua gramu 300 kwa mita 5,475 kunataka nishati ya kilojuli 16. Upande wa pili tuweke ringi yenye kina inayomwokolea mwendeshaji wati 5 tu za upepo, makadirio ya mtu mwoga. Tadej Pogačar, mshindi wa siku hiyo, alikaa barabarani zaidi ya saa sita na dakika ishirini. Wati tano kwa muda huo ni kama kilojuli 114. Ni mara saba. Najua, sehemu ya siku mtu hujificha nyuma ya wenzake na upepo haumfikii wote. Najua pia kwamba Kigali iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kata nusu ya hesabu yangu kwa ajili hiyo, upepo bado unashinda mara tatu na zaidi. Na Pogačar hakujificha sana: kilomita 66 za mwisho alikuwa peke yake, hana mgongo wa mtu mbele yake, ndani ya mbio zilizokwenda kwa wastani wa kilomita 42 kwa saa, milima na yote.

Kuna msemo wa vibandani kwamba gramu moja ya gurudumu ni sawa na mbili za fremu, kwa kuwa gurudumu huzunguka. Msemo una ukweli, ila ukweli wake ni wa pale unapoongeza kasi tu, na kwa uzito ulioko ukingoni, kwenye ringi na tairi. Ukishakuwa kwenye mwendo wako, unapanda taratibu bila kubadilisha kasi, gramu ni gramu, popote ilipo. Anayefyatuka kila kona, kama kwenye mbio fupi za mizunguko mjini, ataihisi tofauti. Anayekwenda Chalinze na kurudi hataihisi, ingawa ataapa kwamba ameihisi.

Basi tutoke nje, kwenye upepo.

Baiskeli ikienda kilomita 40 kwa saa, sehemu ya juu kabisa ya gurudumu inakwenda mbele kwa 80. Watu wengi hawajawahi kulifikiria hilo. Chini, pale tairi linapogusa lami, kasi ni sifuri, katikati ni 40, juu ni mara mbili. Na nguvu ya kupasua upepo haipandi sawa na kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, nguvu inayotakiwa huzidi mara nane. Hivyo zile spoku, ishirini na kitu, kila moja ikifika juu inachapa hewa kama fimbo. Ringi yenye kina cha milimita 50 inafanya kazi ya kwanza bila ujanja wowote: inazifupisha spoku na kuzificha. Kazi ya pili ni ya umbo. Hewa iliyopasuliwa na tairi inahitaji kushikwa mkono na kusindikizwa nyuma polepole. Ikiachwa ghafla inazunguka na kuvuta.

Laiti upepo ungekuwa unatoka mbele tu. Lakini kaskazi na kusi haziulizi barabara yako imeelekea wapi. Ukienda kilomita 40 kwa saa na upepo wa pembeni ukavuma kilomita 10, gurudumu lako linaona upepo mmoja tu, unaokuja kwa pembe ya nyuzi 14 kutoka mbele. Mtu wa jahazi anaelewa hili kuliko msomaji wa magazeti ya baiskeli, maana ndilo linalomwezesha kwenda joshi: tanga lililopangwa vizuri hugeuza upepo wa ubavuni kuwa msukumo wa mbele. Ringi yenye kina ni tanga dogo. Kwenye pembe fulani kizuizi chake hupungua badala ya kuongezeka, na huo ndio wakati gurudumu la ghali linarudisha fedha zake.

Na tanga, kila mvuvi anajua, huweza kukupindua.

Ringi za zamani zenye kina zilikuwa na umbo la herufi V, kali kama ukingo wa panga. Kwenye upepo ulionyooka zilikuwa safi. Kwenye upepo wa pembeni zilishika vizuri, zikashika, zikashika, halafu ghafla zikaachia, na usukani ukakutoka mkononi. Kilichobadilika, hasa kuanzia miaka ya 2010 watengenezaji wa Zipp walipotoa umbo waliloliita Firecrest na wenzao wakawafuata kwa njia zao, ni kwamba ringi ilinenepa na sehemu yake ya ndani ikaviringwa kama herufi U. Sababu ni rahisi kuieleza: kila ringi ina kingo mbili za mbele. Ile ya mbele ya gurudumu hupokea upepo kwa tairi, ile ya nyuma hupokea kwa tumbo la ringi, upande wa spoku. Ukilichonga tumbo kama panga umetengeneza nusu ya gurudumu tu. Likiwa la mviringo, mahali upepo unaposukuma hapahami ghafla kutoka mbele ya usukani kwenda nyuma, na mkono wako unapata muda wa kujibu.

Mimi nilijifunza somo hili Mapinga, mwezi wa Juni, nikiwa na ringi za V za milimita 60 nilizouziwa kwa bei ya kirafiki na mtu aliyekuwa na sababu zake za kuziuza. Lori lilinipita, likanikinga na kusi kwa sekunde mbili, likaondoka. Upepo ulirudi wote kwa pamoja. Gurudumu la mbele likaruka nusu mita kuelekea kwenye mchanga, nami nikaenda nalo. Sikuanguka. Lakini kuanzia siku hiyo, kila lori likija, nilikuwa naacha kukanyaga, najishikilia, nangoja. Ukijumlisha malori yote ya barabara ya Bagamoyo utaona ni wati ngapi nilizokuwa nimeokoa.

Kwa hiyo kina cha gurudumu la kazi zote si kile kinachoshinda kwenye maabara ya upepo, ni kile ambacho mwenye gurudumu anaweza kukiendesha bila kuacha kukanyaga. Kwa watu wengi kinaangukia kati ya milimita 40 na 50. Watengenezaji wakubwa wamezunguka hapo hapo kwa hesabu tofauti: Zipp 303 Firecrest ina 40 mbele na nyuma, Shimano Dura-Ace C50 ina 50 kama jina lake, Roval Rapide CLX ilikuja na 51 mbele na 60 nyuma. Hiyo ya mwisho inafundisha kitu. Gurudumu la nyuma halina usukani, upepo ukilisukuma linasukuma uzito wa mtu aliyelikalia, kwa hiyo nyuma unaweza kuwa na tamaa. Mbele ndiko kwenye kiasi. Mtu wa kilo 55 anayeishi ufukweni achukue 40 mbele na asimsikilize yeyote.

Miaka kumi na mitano iliyopita makala haya yangekuwa na majibu matatu badala ya moja: ringi fupi za milimani, za kati za siku za kawaida, ndefu za tambarare. Timu zilisafiri na zote. Kilichozikusanya kuwa moja ni breki. Breki ilipokuwa inabana ringi yenyewe, pande mbili za ringi zililazimika kuwa bapa na sambamba, kama kuta, na mchongaji alibaki na uhuru wa chini tu. Kaboni nayo ilichemka. Kwenye mteremko mrefu joto la breki lililainisha gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni, na kwenye mvua breki zilisubiri kwanza kabla ya kushika. Mtengenezaji alijibu kwa kuongeza unene, yaani uzito. UCI iliporuhusu rasmi breki za diski kwenye mbio za barabarani, Julai 2018, kuta zile ziliondoka. Ringi ikawa na uhuru wa kuwa na umbo lolote, nyepesi pale pasipo na kazi, nene pale penye kazi. Ringi ya milimita 45 ya leo ina uzito uleule wa ringi fupi ya jana. Kama baiskeli yako bado ni ya breki za kubana ringi, na ni nzuri, usiibadilishe kwa sababu yangu. Lakini usitoe maelfu ya dola kwa ringi za kaboni za kubanwa. Nunua alumini nzuri, na fedha iliyobaki safiri nayo.

Sasa upepo wa ndani, ambao wauzaji huutaja mwisho na mimi ningeutaja kwanza kama ningekuwa na duka.

Tulikulia kwenye tairi gumu. Fundi alijaza, akabonyeza kwa kidole gumba, likigoma kubonyea akasema "tayari." Tairi la milimita 23 lenye psi 120 lilikuwa alama ya mtu anayejua anachofanya. Kwenye chuma laini kinachozunguka maabarani, kweli, tairi gumu hukimbia zaidi. Kwenye lami ya kweli, yenye kokoto na viraka vya viraka, ugumu ukipita kiwango fulani tairi linaacha kumeza matuta na kuanza kukurusha. Kila mrusho unakuinua wewe, kilo zako zote, kidogo kidogo, mara maelfu kwa saa moja, na nguvu inayokuinua ni ya miguu yako. Ndiyo maana wale wa Kigali, waliokuwa wanapita kwenye mawe ya Kimihurura kila mzunguko, hawakuwa na matairi ya baba zao. Milimita 28 imekuwa kawaida ya mbio, na 30 haichekwi tena.

Tairi pana linataka ringi pana, na hapo pepo mbili zinakutana. Ukivalisha tairi la 28 kwenye ringi nyembamba, tairi linatokeza kama puto lililofungwa kwenye kikombe. Upepo ukitoka kwenye tairi unalikosa bega la ringi na fedha zako za umbo zimepotea. Josh Poertner, mhandisi aliyekuwa Zipp, aliacha kanuni ambayo mafundi bado wanaitumia: upana wa nje wa ringi uwe angalau asilimia 105 ya upana wa tairi. Usipime kwa namba iliyoandikwa ubavuni. Tairi la 28 likivalishwa ringi yenye upana wa ndani wa milimita 23 na kujazwa, huweza kufika 29.5, na hapo ringi inatakiwa iwe na 31 kwa nje. Chukua vernia, jaza tairi, ngoja usiku mmoja, pima. Dakika mbili za kipimo hicho zina thamani kuliko jioni nzima ya kusoma matangazo.

Halafu kuna kulabu. Ringi ya kawaida ina midomo miwili iliyokunjwa kwa ndani inayolishika tairi. Watengenezaji kadhaa wameinyoosha midomo hiyo. Ringi isiyo na kulabu ni rahisi kuitengeneza, inatoka na ukuta imara usiopasuka kirahisi ikigonga shimo, na hewa inapita vizuri kutoka tairi hadi ringi. Bei yake ni masharti: tairi liwe la tyublesi, yaani lisilotumia tyubu, na liwe limeidhinishwa kwa ringi hiyo, na upepo usizidi baa 5, yaani psi 72.5. Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, tairi la Thomas De Gendt wa Ubelgiji liling'oka kwenye ringi ya namna hiyo akaanguka. Watengenezaji walieleza kwamba ringi iligonga jiwe, waendesha baiskeli wakauliza kwa nini tairi lisibaki mahali pake hata hivyo, na UCI ikasema italitazama suala hilo. Mabishano hayo hayajaisha na mimi siyamalizi hapa. Ninachosema ni kwamba mtu wa kilo 90 anayependa matairi ya 28 atajikuta anagusa ile psi 72 kila asubuhi, na pampu nyingi za mitaani zina geji inayodanganya kwa psi tano au kumi. Huyo atafute kulabu. Mtu wa kilo 60 mwenye matairi ya 30 hatakaribia hata kwa bahati mbaya, achague atakavyo.

Tairi lenyewe, kabla sijasahau. Tofauti kati ya jozi ya matairi mazuri ya mbio na jozi ya matairi magumu ya kwenda kazini huweza kupita wati kumi, na haihitaji upepo wala kasi ya bingwa kujitokeza. Nimemwona mtu na ringi za dola 3,000 zilizovaa matairi ya kuogopa miiba. Ni sawa na kununua kanzu ya Muscat na kuivaa juu ya ovaroli.

Tumefika kwa fundi.

Ringi ndiyo inayopigwa picha, lakini gurudumu hufia kwenye habu au kwenye spoku. Muulize muuzaji: gololi za habu hii zinapatikana kwa namba ya kawaida, au ni za kampuni peke yake? Friwili inafunguka kwa mkono au kwa chombo kinachouzwa Uswisi? Inakubali giya zako, maana Shimano, SRAM na Campagnolo kila mmoja ana meno yake ya kushika kaseti. Spoku ni za aina inayouzwa moja moja, kama za Sapim au DT Swiss, au zimetengenezwa kwa gurudumu hili tu, na ikikatika moja utangoja kontena? Spoku za kaboni zimekuja, ni nyepesi na ngumu ajabu, na nikiishi karibu na duka lenye akiba yake ningezitamani. Siishi karibu.

Na kama unaishi pwani, uliza kuhusu zile kofia ndogo zinazoshika spoku kwenye ringi. Zipo za alumini na zipo za shaba nyeupe. Za alumini zinaokoa gramu thelathini hivi kwa jozi nzima. Alumini, kaboni na chumvi ya bahari vikikutana, umeme mdogo hupita kati yake na alumini ndiyo inayoliwa. Niliwahi kuagiza magurudumu kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, mepesi kuliko yote niliyowahi kuyanyanyua, picha zake hadi leo ninazo. Mwezi wa nane moja likaanza kuyumba. Nikalipeleka Magomeni kwa fundi ambaye amenyoosha ringi tangu mimi niko shule ya msingi. Akaweka ufunguo kwenye kofia ya kwanza, akageuza. Ikavunjika kama biskuti, unga mweupe ukamwagika kwenye kiganja chake. Ya pili hivyo hivyo.

"Mwanangu," aliniambia, "hizi umenunua au umeokota?"

Muuzaji alijibu barua yangu ya kwanza. Ya pili hakujibu. Ndipo nilipoelewa kwamba sehemu ya bei ya jina kubwa si kaboni wala umbo, ni anwani: kuna mtu atakayepokea simu ringi ikipasuka. Baadhi ya kampuni hukubadilishia ringi uliyoivunja mwenyewe, kwa punguzo au bure, ndani ya miaka kadhaa. Soma masharti hayo kabla ya kusoma gramu. Soma pia nani atalipia usafiri kutoka huku kwenda huko, maana dhamana nyingi zimeandikwa na watu wanaofikiri kila mnunuzi anaishi mwendo wa siku moja kutoka ghala lao. Si kila kisicho na jina ni kibaya: ringi nyingi za kaboni za dunia hii, za majina makubwa na madogo, zinatoka viwanda vya China na Taiwan, na kampuni changa za huko zinauza gurudumu zuri kwa nusu ya bei. Kibaya ni bandia, chenye stika ya mtu mwingine. Bei ikikufurahisha kupita kiasi, angalia stika.

Hatimaye nilinunua jozi ya tatu ya maisha yangu. Milimita 45 mbele, 50 nyuma, upana wa ndani 23, kulabu zipo, spoku 24 za chuma kila gurudumu, kofia za shaba. Kwenye mizani zina karibu gramu 1,480, na hiyo si namba ya kujivunia mbele ya watu. Nilizipeleka Magomeni zivalishwe matairi. Fundi alilichukua la mbele. Akalinyanyua, bila shaka, kwa vidole viwili.

"Zile za biskuti zilikuwa nyepesi kuliko hizi."

Nikakubali. Akavalisha matairi, akatia maji ya tyublesi, akajaza mpaka mdomo ukakaa sawa kwa mlio, akapunguza. Nikamwambia nataka 66 mbele na 69 nyuma. Akabonyeza kwa kidole gumba, akanitazama kama mtu aliyeombwa kupika wali nusu mbichi. Simu yangu ikaita. Nilipogeuka kuipokea nilisikia pampu nyuma yangu, mara moja, mbili, tatu, taratibu, ya mtu asiyetaka kusikika.